Malaika wa mwanangu walikuwa wapi usiku ule?

BARUA

Assalaam alaykum Maalim,

Nina miaka 31, ni mke wa mtu, na Mwenyezi Mungu alituruzuku watoto wawili: binti wa miaka 6 na mdogo wake wa kiume. Huyo wa kiume tulimzika miezi mitatu iliyopita. Alikuwa na miezi 5 na hakuwa akiumwa. Usiku ule nilimnyonyesha, nikamlaza, nikamsomea Ayatul Kursi, Kulhuwallahu na Kul-audhu mbili, nikampulizia kuanzia kichwani mpaka miguuni, kama nilivyofanya kila usiku tangu azaliwe. Kabla ya alfajiri maziwa yakaniamsha kwa kujaa. Nikajiuliza mbona leo hajalia. Nilipomgusa alikuwa ameshapoa.

Yaliyofuata sitayarudia. Daktari alisema hutokea, mtoto mchanga hufa usingizini na sababu isionekane. Mume wangu alisema ni kadari ya Mola, na tangu siku hiyo hataki tulizungumze. Nami nikanyamaza. Ila waliokuja kuhani hawakunyamaza, na maneno yao ndiyo yanayonifanya nikuandikie.

Mmoja ni mama wa heshima zake, mtu wa kuhudhuria darsa. Alitazama ukutani zilipokuwa picha za wanangu, akatikisa kichwa, akaniambia: "Hukujua kwamba malaika hawaingii nyumba yenye picha? Mtoto ulimwacha bila mlinzi." Alilisema kwa upole kabisa, kama anayenipa nasaha. Alipoondoka nikazishusha zote. Ya yule mdogo ilikuwa moja tu tuliyokuwa tumeisafisha. Nimeizungushia kitambaa nikaizika chini ya nguo sandukuni, na sijui niichane au niiache.

Tangu hapo kazi yangu ni kupiga hesabu. Kwamba nilisoma Ayatul Kursi apate mlinzi mpaka asubuhi, kumbe kwa mkono wangu mwenyewe nimeshamfungia mlango huyo mlinzi?

Mwingine alimpakata binti yangu akamwambia asilie, mdogo wake hakufa, amekuwa malaika, ana mbawa na anamwona. Najua alikusudia wema. Sasa kila usiku binti humsemesha. Mwanzoni alikuwa akimsalimia tu. Siku hizi anamwomba: baba asikasirike, jino lililong'oka liote upesi. Na ananiuliza mbawa zenyewe ni ngapi, maana amejua kuhesabu hadi mia na siku hizi kila kitu lazima kihesabiwe. Kisha akatokea wa tatu akamwambia kwamba Izraili ndiye aliyemchukua, usiku, kimya kimya. Basi naye hataki kufumba macho asije akachukuliwa. Hulala nikiwa nimemshika mkono. Mimi silali.

Halafu lipo langu ambalo sijamwambia mtu. Tangu chuo cha Quran nimefundishwa kwamba kila mtu ana malaika wanaomlinda mbele na nyuma, na nililiamini hilo kama ninavyoamini kuwa nina mikono miwili. Sasa nikifika mwisho wa swala, nikitoa salamu kulia na kushoto, moyo unawauliza: nyinyi mlikuwa wapi? Kisha natetemeka. Kuamini malaika ni nguzo ya imani. Kwa swali hili, nimeshatoka?

Mama wa wawili, ingawa watu sasa wanahesabu mmoja.

JIBU

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh, binti yangu.

Inna lillahi wa inna ilayhi raajiun. Pole sana. Nianze na picha, kwa sababu huo ndio mwiba uliochomwa na mtu, na wa mtu unaweza kuchomolewa leo hii.

Hadithi aliyokutajia yule mama ni sahihi. Imo katika Bukhari na Muslim, kutoka kwa Abu Talha: malaika hawaingii nyumba yenye mbwa wala picha. Lakini alikuletea matini akaacha sherehe yake, yaani maelezo ya wanazuoni. Wanazuoni waliikalia hadithi hii karne nyingi kabla kamera haijabuniwa, na swali la kwanza walilouliza ni hili: malaika gani? Maana Mwenyezi Mungu anasema katika Suratul Infitar kwamba juu yetu wapo wenye kutuhifadhi, waandishi watukufu, wanayajua tunayoyatenda. Lau malaika wote wangekuwa wanaikimbia picha, mtu angetundika moja ukutani kisha akafanya dhambi zake kwa raha, pasiwe na wa kumwandika. Na malaika wa mauti angesimamishwa mlangoni. Hayo hayasemwi na mwenye akili.

Ndiyo maana Imam al-Khattabi, na baada yake Imam an-Nawawi aliyefariki mwaka 1277, katika sherehe yake ya Sahihi Muslim, wakaeleza kwamba wasioingia ni malaika wanaozunguka na rehema, baraka na kuwaombea watu maghufira. Ama hafadha, walinzi na waandishi, huingia kila nyumba wala hawamwachi mwanadamu kwa hali yoyote. Soma tena sentensi hiyo ya mwisho. Mwanao hakulala peke yake usiku ule.

Kuhusu picha ya kamera yenyewe, je, inaingia katika katazo au katazo ni la sanamu na cha kuchorwa kwa mkono? Hilo wanazuoni wa zama zetu wamekhitilafiana, na kila rai ina watu wake wa elimu. Muulize sheikh unayemwamini, umfuate. Akikwambia usitundike, usitundike, iache sandukuni. Akikwambia hapana ubaya, irudishe. Lakini tafadhali usiichane. Na vyovyote atakavyokujibu, jibu lake litahusu ukuta, halitahusu pumzi za mtoto. Watoto wamekufa katika nyumba zisizo na picha hata moja, na daktari wako amekwambia kweli: kifo cha namna hii kinajulikana, humkuta hata mtoto aliyeshiba na kutunzwa vizuri.

Sasa swali lenyewe. Walikuwa wapi?

Aya uliyofundishwa chuoni ni ya 11 katika Suratur Raad: mwanadamu ana malaika wanaopokezana, mbele yake na nyuma yake, wanamlinda kwa amri ya Mwenyezi Mungu. Wengi wetu tulipohifadhishwa tulikoma kwenye "wanamlinda". Yale maneno ya mwisho, "kwa amri ya Mwenyezi Mungu", tuliyapita mbio. Wafasiri wa mwanzo hawakuyapita. Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas kwamba malaika hao humlinda mtu, na kadari ya Mwenyezi Mungu inapomfikia humpisha. Na Mujahid, mwanafunzi wake, akasema kwamba kila mja ana malaika aliyewakilishwa kumlinda, awe macho au usingizini, dhidi ya majini, watu na wadudu wenye sumu; hakuna kinachomjia ila malaika hukiambia "rudi nyuma", isipokuwa kile ambacho Mwenyezi Mungu amekipa idhini.

Yaani mlinzi huyu si bawabu aliyeajiriwa na mwenye nyumba. Hatukumweka sisi, wala yeye hatulindi sisi kwa kutupenda au kutuonea huruma. Ni mja. Suratut Tahrim imewasifu malaika kwamba hawamuasi Mwenyezi Mungu kwa anachowaamrisha, na hutenda wanavyoamrishwa. Sifa hiyo ndiyo inayotufariji wanapotulinda, na ndiyo hiyo hiyo inayotuuma wanapopisha.

Kuna aya nyingine ningependa uishike zaidi ya hiyo, nayo ni ya 61 katika Suratul Anaam. Mwenyezi Mungu anasema anatuletea walinzi, mpaka mmoja wetu yanapomjia mauti, wajumbe Wake humfisha, nao hawafanyi taksiri. Angalia ilivyopangwa. Walinzi na wanaofisha wametajwa pamoja, katika aya moja, hakuna ugomvi kati yao, hakuna aliyemshinda mwenzake wala aliyemnyang'anya. Wewe moyoni mwako umechora usiku ule kama wizi: mlinzi ameondoka, mwizi akaingia. Quran inachora makabidhiano. Na lile neno la mwisho, "hawafanyi taksiri", maana yake hakuna aliyezembea. Hakuna aliyesinzia zamu yake.

Ayatul Kursi uliyoisoma je, ilianguka chini? Hapana. Ile ahadi imetoka katika kisa cha Abu Hurayra, alipokuwa akilinda zaka ya Ramadhani na mwizi mmoja akamjia usiku baada ya usiku, hata mara ya tatu akamfundisha aisome anapokwenda kulala: utaendelea kuwa na mlinzi kutoka kwa Mwenyezi Mungu, wala shetani hatakukaribia mpaka asubuhi. Mtume (s.a.w.) akamwambia Abu Hurayra kwamba amemwambia kweli naye ni mwongo mkubwa, yule alikuwa shetani. Ahadi ni ya shetani kutokaribia. Nami natumai kwa Mola wangu kwamba ndivyo ilivyokuwa kwa mwanao: ameondoka duniani na mkono wa shetani haujamfikia. Ahadi ya mtu kutokufa kabla ya asubuhi haipo katika hadithi hiyo wala nyingine yoyote.

Mtume mwenyewe alikuwa akiwakinga wajukuu zake Hasan na Husein kwa maneno ambayo Ibrahim (a.s.) aliwakingia Ismail na Is-haq. Aliyajua maneno hayo kuliko mimi na wewe. Na katika watoto wake saba alizika sita, akabaki Fatima peke yake. Nyumba aliyokuwa akiiteremkia Jibril ilitoa majeneza. Mtu akikwambia tena kwamba msiba umeingia kwako kwa sababu malaika walitoka, mkumbushe nyumba hiyo.

Yule wa mwisho katika wanawe, Ibrahim, alifariki akiwa bado ananyonya. Mtume alimpakata roho ikitoka, machozi yakimtiririka, mpaka Abdurrahman bin Auf akashangaa: hata wewe, ewe Mtume wa Mungu? Akasema hiyo ni rehema. Kisha akasema jicho linatoka machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila la kumridhisha Mola wetu. Na imo katika Bukhari kwamba alisema Ibrahim ana mnyonyeshaji peponi. Nimekumbuka hilo nilipofika pale uliposema maziwa ndiyo yaliyokuamsha.

Umeuliza kama umeshatoka katika imani. Binti yangu, anayetoka ni anayekanusha: anayesema malaika ni ngano za kale, au ni jina tu la nguvu za kimaumbile. Wewe unawasalimia kulia na kushoto kisha unawauliza walikuwa wapi. Mtu hamuulizi asiyekuwepo. Tena, unajua nani wa kwanza kuuliza? Ni malaika wenyewe. Mola aliposema anaweka khalifa katika ardhi, walisema: utaweka humo atakayefanya uharibifu na kumwaga damu? Waliuliza, hawakuasi. Wala hawakufukuzwa. Walijibiwa: Mimi najua msiyoyajua. Wakati mwingine jibu tunalopewa sisi ni hilo hilo walilopewa wao, na wao wako karibu kuliko sisi.

Na masahaba walimjia Mtume wakamwambia kwamba hujiwa nafsini mwao na mambo ambayo kila mmoja anaona ni makubwa mno kuyatamka. Akawauliza: kweli mmeyaona hivyo? Wakasema ndiyo. Akasema: hiyo ndiyo imani iliyo wazi. Kutetemeka kwako baada ya swali ndiko ninakokutazama mimi, si swali.

Tuje kwa binti yako, na hapa nitachukua muda kidogo.

Lugha yetu imechangia kututatiza. Kwa Kiswahili mtoto mchanga huitwa malaika, kwa maana ya kiumbe asiye na dhambi, na ni jina zuri. (Tena hata vinyweleo vya mkononi ni malaika, vikisimama kwa baridi au hofu, umoja wake ni laika. Wanafunzi wangu chuoni hawachoki kulicheka hilo.) Lakini jina la mapenzi ni kitu kimoja, na itikadi ni kitu kingine. Bibi Aisha amepokea kutoka kwa Mtume, katika Sahihi Muslim, kwamba malaika wameumbwa kwa nuru, majini kwa mwako wa moto, na Adamu kwa kile tulichoelezwa, yaani udongo. Anayekufa hahami kutoka udongo kwenda nuru. Mwanao aliondoka akiwa mwanadamu, na atafufuliwa mwanadamu.

Najua anayesema "amekuwa malaika" anadhani amempandisha cheo. Mimi naona amemnyang'anya kitu. Malaika hali: wageni wa Nabii Ibrahim, waliokuwa malaika, walipoletewa ndama wa kuchoma mikono yao haikumfikia. Malaika haoi wala hazai, na Quran imewakemea waliowaita mabinti wa Mungu. Malaika hana mama. Kama mwanao angekuwa malaika leo, wewe usingekuwa wake wala yeye asingekuwa wako. Na hakuwa na haja ya kupandishwa: hao malaika ndio walioamrishwa kumsujudia baba yake Adamu.

Tazama basi alichoelezwa nacho akiwa mtoto wa mtu. Katika Bukhari, Mtume aliona katika ndoto, na ndoto za Mitume ni kweli, bustani ya kijani na ndani yake mtu mrefu, ni Ibrahim (a.s.), amezungukwa na watoto wengi kupita kiasi, wale waliokufa wakiwa katika maumbile ya asili. Na katika Sahihi Muslim, mtu aliyefiwa na watoto wawili alimwomba Abu Hurayra hadithi ya kuutuliza moyo, akamsimulia kwamba wadogo hao huzunguka peponi watakavyo. Mmoja wao humkuta mzazi wake akamshika nguo, kama mtu anavyoshikwa pindo la vazi, asiachie mpaka Mwenyezi Mungu amtie yeye na mzazi wake peponi. Anayeshika nguo ya mama yake ni mtoto. Unaijua mikono hiyo ilivyo, ya miezi 5, ikishika kitu haibanduki.

Hata katika swala ya jeneza ya mtoto, dua iliyopokewa kwa Hasan al-Basri ni kuomba awe kwetu "farat". Waarabu walimwita hivyo yule anayeutangulia msafara kwenye maji, akaandaa kamba na ndoo ili wenzake wakifika wakute tayari. Hiyo ndiyo kazi ya mdogo wa binti yako, na mtoto wa miaka 6 ataielewa kuliko habari ya mbawa.

Kumsemesha usimkataze kwa ukali. Kumsalimia na kumtaja mdogo wake ni mapenzi, acha amtaje. Kumwomba ndiko kunakohitaji kuelekezwa upya, wala si kwa sababu tu mdogo wake si malaika. Hata malaika wa kweli hawaombwi. Suratu Saba' inaeleza siku watakapoulizwa: je, hawa walikuwa wakikuabuduni nyinyi? Nao watajitenga na jambo hilo wakisema: umetakasika, Wewe ndiye mlinzi wetu, si hao. Sasa, usimwachie pengo mtoto kwa kumwambia "usimwombe" ukaishia hapo. Mpe kilicho bora. Katika Sahihi Muslim, kutoka kwa Abud Dardaa, mtu anapomwombea dua nduguye asiyekuwepo, juu ya kichwa chake kuna malaika aliyewakilishwa. Kila anapomwombea kheri malaika husema: Amin, nawe upate mfano wake. Mwambie hilo. Akitaka baba asikasirike, amwombee baba kwa Allah wakati baba hayupo chumbani. Alikuwa akidhani kuna malaika mmoja wa kumpa vitu. Sasa ana malaika wa kumwitikia Amin. Na baba akisikia siku moja kwamba anaombewa hivyo, huenda naye ulimi ukafunguka. Wanaume wengine hulia kwa kunyamaza. Usimsubiri aanze yeye.

Suala la Izraili linanigusa, na nina la kukiri. Miaka mingi iliyopita, nilipoanza kusomesha watoto, niliwahi kuwaeleza malaika wa mauti na maswali ya kaburini kwa sauti ya kutisha ili watulie. Walitulia. Baada ya siku chache mzazi mmoja akaja kuniambia mwanawe anaamka usiku akipiga kelele. Nilijua kwamba sikufundisha nguzo ya imani, nilimtumia kiumbe mtukufu wa Mwenyezi Mungu kama zimwi. Sijarudia.

Kwanza jina. "Izraili" halimo katika Quran wala katika hadithi sahihi. Quran, katika Suratus Sajda, inamwita Malakul Maut, aliyewakilishwa kwetu. Kuwakilishwa ni kupewa kazi, na mpewa kazi hanyemelei kwa tamaa yake. Pili namna anavyokuja. Katika hadithi ya al-Baraa bin Azib, mja muumini anapokaribia kuondoka humteremkia malaika wenye nyuso nyeupe kama jua, wana sanda na manukato ya peponi. Malaika wa mauti huketi kichwani pake akaiambia roho yake: ewe nafsi njema, toka uende kwenye msamaha wa Mwenyezi Mungu na radhi Zake. Nayo hutoka kwa wepesi kama tone la maji linavyotiririka kutoka mdomo wa kiriba. Akishaichukua, wale wengine hawaiachi mkononi mwake hata kupepesa jicho. Ikiwa hayo ni ya mtu mzima mwenye makosa yake, unamdhania nini Mola wako kwa mtoto ambaye kalamu haijamwandikia hata herufi moja?

Hayo ya sanda na roho si lazima umsimulie binti yako usiku wa leo. Mwambie kwanza kwamba kuwaogopa malaika kumewapata wakubwa kuliko yeye. Nabii Ibrahim aliingiwa na hofu kwa wageni wale. Maryam alipomwona Jibril katika sura ya mtu alisema najikinga kwa Rahmani nawe. Mtume wetu alirudi kwa Khadija akitetemeka, akisema nifunikeni, nifunikeni. Na malaika walimwambia nini Ibrahim? Usiogope. Lut je? Usiogope wala usihuzunike. Na Suratu Fussilat inasema ndilo neno watakalowateremkia nalo waumini walioshika msimamo: msiogope wala msihuzunike. Ukimfundisha mtoto kwamba kauli ya malaika ni "usiogope", umemfundisha kitu cha kweli.

Wewe mwenyewe huwezi kukaa miezi mitatu bila usingizi. Nenda hospitali uwaeleze waziwazi, usiseme kichwa kinauma tu. Mtume ametuamrisha kujitibu, na huzuni iliyokuzuia kulala muda wote huo si ya kupambana nayo peke yako gizani. Tafuta pia mwanamke mmoja anayejua kusikiliza bila kutoa darsa.

Na lile swali la mbawa, mjibu kama lilivyo. Mwambie mdogo wake hana, ana mikono. Wenye mbawa ni malaika: Suratu Faatir imetaja mbili mbili, tatu tatu na nne nne, na kwamba Mwenyezi Mungu huzidisha katika kuumba apendavyo. Jibril, alipoonekana na Mtume katika umbo lake halisi, alikuwa na mbawa 600. Mwache azihesabu akiwa kitandani. Akifika mia ataanza upya, na sidhani kama atafika mara ya sita.